Nani Alimfundisha Furu?

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi moja asubuhi hapa Mwanza, mbele ya wanafunzi wa sekondari, wazazi wao, na wavuvi waliokubali kuacha nyavu zao kwa saa mbili. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka, pamoja na baadhi ya maswali ya mwisho.

Mwangaluka! (Ukumbi uliitikia.) Shikamooni wazee wangu. Walimu wenzangu, wazazi, ndugu zangu wavuvi, na ninyi wanangu mliokaa chini kwa sababu viti vimekwisha, asanteni kwa kuja.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa mwaloni alfajiri, natafuta dagaa wa kwenda nao nyumbani. Mzee mmoja wa mtumbwi akaniita: "Mwalimu, njoo uone." Ndani ya karai la maji alikuwa na furu jike, samaki wetu mdogo wa Ziwa Victoria, urefu wake haufiki kidole changu, kidevu kimevimba kama cha mtu anayeumwa jino. Akamshika taratibu, akambonyeza shavuni. Vikatoka vitoto. Si viwili wala vitatu. Vilikuwa vingi, macho na mikia tu, vikatawanyika majini. Tukatulia. Baada ya muda vikaanza kukusanyika tena kichwani kwa mama yao, vinautafuta ule mdomo uliovitoa.

Mzee akaniuliza: "Huyu hali vizuri siku zote hizo. Njaa inamuuma, na chakula kimo mdomoni. Mbona hamezi? Nani alimfundisha?"

Nilimwahidi jibu. Leo nimekuja nalo, na mwenyewe yuko pale, safu ya pili.

Lakini kwanza niseme kwa nini swali lile lilinigusa. Nilipokuwa mwanafunzi niliuliza kitu cha namna hiyo darasani, nikajibiwa: "Hiyo ni silika. Kaa chini." Nikakaa. Neno hilo likanikwama kooni kwa miaka. Nilikuja kugundua baadaye kwamba nilikuwa nimepewa jina la kitu, sikupewa sababu yake. Ukimuuliza fundi kwa nini injini ya boti haiwaki, akakujibu "ni ubovu", hajakusaidia. Kwa hiyo wanangu, mtu akiwaambia "ni silika", mjue hapo ndipo swali linapoanza.

Silika ni tendo ambalo mnyama amezaliwa nalo kama alivyozaliwa na mapezi au manyoya. Hafundishwi. Na wenzake wa spishi ile ile hulifanya karibu vile vile, hata aliyelelewa peke yake.

Wanaofuga wanalijua hili kuliko mimi. Ukimwekea kuku mayai ya bata, atayaatamia kwa moyo wote, hata siku ishirini na moja alizozizoea zikipita. Vifaranga vikitoka anaviongoza uani, anavichakurulia, anaviita kwenye punje. Kisha siku moja wanafika kwenye dimbwi. Vile vifaranga vinaingia! Kuku anabaki ukingoni analia, anakimbia huku na huku, mabawa yameshuka, anaona wanawe wanakufa. Navyo vinaogelea. Aliyevilea hajawahi kuogelea maishani mwake. Aliyevitaga havijawahi kumwona. Basi hiyo elimu ya maji ilipita njia gani? Ilipita ndani ya yai. Hakukuwa na mlango mwingine.

Swali letu basi linakuwa hili: ilifikaje ndani ya yai?

Jibu linalomjia mtu upesi ni kwamba mababu wa yule bata walijifunza kuogelea, wakazoea, na mazoea yakaingia damuni. Jibu hilo ni la zamani na waliolishika hawakuwa wajinga. Jean-Baptiste Lamarck, mwanasayansi wa Ufaransa, alilitetea mwanzoni mwa karne ya 19, na hata Charles Darwin hakulitupa lote. Lakini liangalieni kwa macho ya mfugaji. Ng'ombe wangapi wamekatwa masikio kuwekewa alama, kizazi baada ya kizazi? Ndama anazaliwa na masikio mazima.

Au mwangalieni nyuki, maana huyu ndiye anayelimaliza jibu hilo kabisa. Sega la asali lenye vyumba vya pembe sita linajengwa na nyuki wafanyakazi. Wafanyakazi hawapandwi, kazi yao haiendi kwa mtoto yeyote. Wanaozaa ni malkia na dume. Malkia wa nyuki wetu hajengi sega. Dume hajengi sega. Kwa hiyo nyuki anayejenga amezaliwa na baba asiyejenga na mama asiyejenga! Hapo hakuna mazoea ya mzazi yaliyorithiwa, kwa sababu mzazi hakuyafanya. Darwin aliliona hili, akaliandika katika kitabu chake cha mwaka 1859, na alikiri kwamba mwanzoni suala la wadudu tasa lilimtisha. Jibu alilolipata ni kwamba kinachopimwa ni familia nzima. Malkia ambaye binti zake hutumia nta kidogo na kuhifadhi asali nyingi, kundi lake linavuka msimu wa njaa na kutoa makundi mapya. Yule ambaye binti zake hupoteza nta, mzinga wake unabaki mtupu. Silika ya ujenzi inasafiri ndani ya malkia ambaye mwenyewe hajui kujenga.

Basi hiyo ndiyo njia. Viumbe wa aina moja hawafanani kabisa, hata kwa tabia. Sehemu ya tofauti hizo wanaizaliwa nayo, kwenye vinasaba. Na si wote wanaoacha watoto. Anayeacha watoto wengi ndiye anayejaza dunia kwa watu wa tabia yake. Wataalamu huuita uteuzi asilia. Mteuzi si mtu. Ni njaa, ni sangara, ni ukame, ni mwenza anayekukataa.

Najua wengine mnasema moyoni: haya ni ya miaka milioni, nani ameyaona? Mmeyaona nyumbani kwenu. Kuku wa kienyeji akitaga mayai kumi na kitu anasimama, anapandisha manyoya, anaatamia, na ukimsogelea anakudonoa. Kuku wa mayai, huyu wa kisasa, je? Anataga leo, kesho, keshokutwa, zaidi ya mayai 250 kwa mwaka, na hana habari ya kuatamia. Mayai yake yakibaki hapo yanapoa tu. Nani alimsahaulisha? Kuku anayeatamia huacha kutaga, na mfugaji wa biashara hampendi. Kwa vizazi na vizazi wafugaji wa Ulaya na Marekani walichukua mbegu kwa wale walioendelea kutaga, na waliokaa juu ya mayai wakaishia chunguni. Silika ambayo ni kongwe kuliko binadamu imefifishwa mbele ya macho ya watu. Hakuna aliyemfundisha kuku yule kutoyajali mayai yake. Walichaguliwa tu mama zake.

Kinyume chake kimefanyika pia. Mwaka 1959 huko Siberia, mwanasayansi Dmitry Belyaev alianza kuchagua mbweha wa manyoya kwa kigezo kimoja: nani anamwogopa binadamu kidogo zaidi. Wapole tu ndio walioachwa wazae. Kabla ya vizazi kumi kutimia walikuwepo watoto wa mbweha wanaotikisa mkia na kumlamba mikono mtu anayewafungulia mlango. Hawakufunzwa kama mbwa anavyofunzwa. Upole ulikuwa umo ndani yao walipozaliwa.

Sasa nirudi kwa furu wa mzee, maana kwake nataka nikae.

Mtu akiuona mdomo ule umejaa watoto anadhani kitu cha namna hiyo lazima kilikuja chote kwa siku moja: ama unajua kulea mdomoni, ama unameza na ukoo unaisha. Lakini angalieni ndugu zake. Kuna perege mwenye tumbo jekundu, yumo ziwani humu tangu alipoletwa miaka ya 1950. Yeye hatagi na kuweka mdomoni. Anabandika mayai chini, mahali palipo safi, kisha baba na mama wanakaa walinzi. Wanayapungia maji kwa mapezi ili yapate hewa. Na katika familia hii ya samaki, wazazi wanaolinda mayai chini huyapitia kwa mdomo na kuyaondoa yaliyooza. Mayai yakianguliwa, wengi wao huwachota watoto kwa mdomo, wakawatema kwenye kishimo kingine salama zaidi. Umesikia? Samaki asiyelea mdomoni tayari ana mdomo unaojua kubeba mtoto bila kummeza.

Kisha wako wengine, wa mito ya Amerika Kusini, wanaotaga juu ya jiwe, wanalinda mayai pale pale, lakini yakianguliwa wanawachukua watoto mdomoni na kukaa nao. Halafu ndio hawa wetu: sato, ngege, furu. Jike anataga, na kabla yai halijapoa anageuka na kuliokota. Kwa furu mambo ni ya haraka kiasi kwamba yai linaweza kuingia mdomoni kabla dume hajalirutubisha. Dume ana madoa ya rangi ya machungwa kwenye pezi lake la nyuma ya tumbo, yanafanana na mayai, jike anayafuata kama anataka kuyaokota nayo, na hapo anapokea mbegu. Mtaalamu Wolfgang Wickler alilieleza hili mwanzoni mwa miaka ya 1960. Jicho lililonolewa kutafuta mayai yaliyodondoka ndilo lililompa dume nafasi ya kuchora mayai ya uongo.

Kwa hiyo si ngazi moja ya kuruka kutoka chini hadi paani. Ni vidato, na kila kidato kina samaki aliyesimama juu yake mpaka leo, anaishi, anazaa, hana upungufu. Anayebeba watoto muda mrefu kidogo mahali penye wezi wengi wa mayai, anapona na watoto wengi kidogo. Mwanawe anarithi ule uvumilivu wa kidogo. Na aliyekuwa na mdomo mwepesi, mzee wangu, yule aliyebeba watoto wake halafu njaa ikamshinda akameza, alishiba siku hiyo. Hana mjukuu ziwani humu. Furu wote unaowavua wametoka kwa mama ambao hawakumeza, mama wa mama ambaye hakumeza, nyuma mpaka huko jicho lisikofika. Hakuna aliyemfundisha. Waliokosea somo hawakuacha wa kuwasimulia.

Na msidhani mdomo ule ni ngome. Ziwa letu limekuwa na furu wengine ambao chakula chao ni mayai na watoto wa wenzao. Wanamfuata mama mwenye kidevu kilichovimba wanamlazimisha ateme. Nao wana silika yao, imechongwa kwa njaa ile ile. Silika ya mmoja ndiyo mazingira ya mwingine.

Kijana anaweza kuniuliza: mwalimu, vidato tumeviona, lakini tutajuaje kuwa tendo, si umbo, limekaa kwenye vinasaba? Kwa hili nina ndege wa kwetu. Wale kasuku wadogo wa kijani, uso wa machungwa, mdomo mwekundu, duara jeupe kuzunguka jicho, wanaopita kwa kelele makundi makundi. Asili yao ni huku huku kaskazini mwa Tanzania, kusini mwa ziwa. Watu wa Ulaya waliwapa jina la mvumbuzi Mjerumani, Fischer, na leo wamo kwenye vizimba duniani kote. Jike akitaka kujenga kiota anatafuna gome au jani likawa ukanda mrefu, analibeba mdomoni, anaruka. Wana binamu kusini magharibi mwa Afrika, wenye uso wa rangi ya waridi. Huyo binamu habebi mdomoni. Anachomeka kanda zake katikati ya manyoya ya kiunoni, anabana, anaruka na mzigo mgongoni kama mama na kuni.

Mtafiti William Dilger wa Marekani aliwapandisha hawa wawili, na mwaka 1962 akaeleza alichokiona. Watoto wa mchanganyiko walikata kanda zao vizuri. Ilipofika kubeba, wakapotea. Anageuza kichwa kuelekea kiunoni kama upande mmoja wa ukoo, anachomeka, haachii. Au anaachia, ukanda unaanguka. Au anachomeka mahali pasipo. Anarudia. Mzigo haufiki isipokuwa ameubakiza mdomoni. Ilichukua miaka mitatu mpaka wakawa wanabeba mdomoni karibu kila mara, na hata hapo bado walikuwa wanageuza kichwa kidogo kuelekea mgongoni kabla ya kuruka. Miaka mitatu! Nikisoma habari hizo huwa namwonea huruma yule ndege. Amerithi nusu ya amri huku na nusu kule, na mwili mmoja hauwezi kuzitii zote mbili. Lakini angalieni pia kwamba alijifunza. Silika haikufunga mlango wa kujifunza, ilichelewesha tu.

Mlembe, ndege anayewaongoza watu kwenye asali, anaonyesha jambo hilo vizuri zaidi. Anatagwa kwenye kiota cha ndege wengine, na akianguliwa anawaua watoto wa mwenye nyumba kwa ndoano iliyo nchani mwa mdomo wake. Analelewa na wageni wasiowaongoza watu popote. Akikua anawaongoza watu. Hilo hakuliona kwao. Lakini utafiti uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kuwa milembe wa upande wa Wahadzabe hapa kwetu huitikia zaidi mluzi wa Wahadzabe, na wale wa Wayao kule Msumbiji huitikia zaidi mlio wa Wayao. Kuongoza kumezaliwa naye. Lugha ya mwenyeji anaiokota.

Sasa nifike nyumbani kabisa, kwenye ghuba yetu. Nilitamani niseme hili tu leo, lakini bila hayo ya mwanzo lisingeeleweka.

Yapata miaka 15,000 iliyopita ziwa hili lilikauka. Lilipojaa tena, wakaingia samaki wachache wenye damu ya koo mbili za zamani zilizochanganyika, na kutoka kwao zikatokea spishi kama 500 za furu. Hakuna ziwa lililoonyesha kasi ya namna hiyo. Wataalamu kutoka Leiden, Uholanzi, walifika hapa Mwanza mwishoni mwa miaka ya 1970, wakaanza kuwahesabu. Miongoni mwa waliowaelezea yumo mmoja waliyempa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985. Jina la jenasi yake ya leo ni neno letu: Pundamilia. Pundamilia nyererei. Dume lake lina mgongo mwekundu, ubavu wa manjano na milia myeusi. Ndugu yake wa karibu, Pundamilia pundamilia, dume lake ni la buluu. Majike yao yanafanana kiasi kwamba ni wachache wanaoweza kuwatenganisha kwa macho.

Wakipandana wanazaa, na watoto wao wanazaa. Kinachowatenga ni silika ya jike: wa huku anataka mwekundu, wa kule anataka buluu. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake waliwaweka majike kwenye matangi ya maabara, dume jekundu upande mmoja, la buluu upande wa pili. Chini ya mwanga mweupe walichagua bila kukosea sana. Chini ya mwanga wa rangi moja ya machungwa, ambapo wekundu na buluu havitofautiki, majike wa aina zote mbili wakashindwa kumtambua dume wa aina yao. Watafiti walipowachanganya na kuwazalisha mpaka kizazi cha pili, majike waligawanyika: wengine walitaka mwekundu, wengine buluu, wengine hawakujali. Yaani ule upendeleo wenyewe unarithiwa kama rangi ya ngozi.

Na ulitoka wapi? Kwenye maji. Wavuvi mnajua: kadiri unavyoshuka, mwanga unabadilika, maji yetu yanameza buluu na kuacha wekundu. Buluu wanakaa juu, kwenye mawe ya kina kifupi. Wekundu wanakaa chini zaidi. Jicho la samaki wa chini lina protini iliyogeuzwa kidogo na vinasaba ili lione wekundu vizuri. La wa juu limegeuzwa upande mwingine. Kila mmoja alinolewa macho kwa mwanga wa mtaa wake, kisha macho yale yale yakachagua mume. Yalichapishwa hayo mwaka 2008, na mahali palipotajwa ni visiwa vyetu: Makobe, Python, Kissenda, Luanso.

Pale Makobe, nje huko, sahani nyeupe uliyoifunga kamba unaizamisha zaidi ya mita mbili ndipo ipotee machoni. Huko wekundu na buluu ni watu wawili kabisa. Luanso, ndani kabisa ya ghuba, walipopima, sahani ilipotea kama nusu mita. Huko hapakuwa na wekundu na buluu. Palikuwa na samaki mmoja, rangi za katikati, mchanganyiko.

Hapo ndipo ninapokosa usingizi, ndugu zangu. Tunasimulia habari za sangara, na ni kweli: aliletwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, miaka ya 1980 akajaa, na makadirio ya wataalamu ni kwamba spishi kama 200 za furu zilitoweka. Sangara alimla furu. Lakini udongo unaoshuka kutoka mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni, maji machafu ya mji, mbolea, mwani unaostawi kwa uchafu huo, hivi havimli samaki yeyote. Vinazima rangi. Jike anatafuta kwa silika iliyochukua maelfu ya vizazi kuundwa, haoni kitu, anampokea yeyote. Hakuna mzoga utakaoelea. Spishi mbili zinakuwa moja kimya kimya, na mvuvi atapata furu wavuni kama kawaida. Seehausen na wenzake waliliandika hili mwaka 1997. Wanafunzi wengi niliowafundisha hapa hapa ghubani walimaliza shule bila kulisikia.

Silika, mnaona, ni barua iliyoandikwa na mazingira ya jana. Ikisomwa kwenye mazingira ya leo, wakati mwingine inamdanganya msomaji. Dagaa mchana hukaa chini, usiku hupanda juu kutafuta vijidudu. Kwa vizazi vyote hivyo mwanga wa usiku ulikuwa mwezi na nyota. Hakuna dagaa aliyekufa kwa kuufuata, au wachache mno. Ndipo ikaja karabai, na sasa taa za sola. Ndiyo maana mbalamwezi ikiwaka mnapumzika nyumbani: taa yenu haina nguvu mbele ya ile ya zamani. Na yupo mdudu wa ziwa hili anayeishi majini siku zote za utoto wake, akatoka kuruka kwa wingi mara tu baada ya mwezi mpevu. Hilo liliandikwa mwaka 1955. Mtu mzima wa mdudu huyo anaishi muda mfupi mno. Atokaye peke yake siku isiyo yake hamkuti mwenza. Mwezi ni ahadi ya kukutana.

Nilisema nitaacha nafasi ya maswali.

Mama mmoja aliuliza, kwa upole, kama nilikuwa nasema Mungu hayumo. Nilimjibu: "Mama, mimi nasali. Nilichoeleza ni njia ambayo kitu kimepita mpaka kikafika mdomoni mwa furu. Njia hiyo inaonekana, inapimwa, watu wameijaribu. Aliyeiweka njia, samaki hawajaniambia." Akacheka, akakaa.

Kijana akauliza kama binadamu ana silika. Nilimwambia akamwone mtoto mchanga wa wiki moja, aweke kidole kwenye kiganja chake. Kitafumbatwa. Hakuna aliyemfundisha, na miezi michache baadaye mshiko ule unaondoka wenyewe. Binadamu anazaliwa na vichache vya namna hiyo, na nafasi kubwa ya kujifunza. Na uwezo huo wa kujifunza nao umerithiwa.

Wa mwisho alikuwa binti wa kidato cha pili, nyuma kabisa. "Mwalimu, maji yakisafika Luanso, watatengana tena?"

Nilifurahi kuliko nilivyoweza kuonyesha. Nilimwambia: limewahi kutokea. Walipochunguza vinasaba vya wekundu na buluu wa visiwa vya Python, walikuta kwamba hawakuletwa wakiwa wawili tayari. Walitoka kwenye watu waliokuwa wamechanganyika, na humo humo wakatengana upya, mwekundu akaenda chini, buluu akabaki juu, na majike wakaanza tena kuchagua. Amri zote mbili zilikuwa bado zimo ndani ya ule mchanganyiko, zinasubiri mwanga wa kuzitenganisha. Lakini ilichukua vizazi vingi, na maji ya pale yalikuwa yanapitisha rangi.

"Na sasa yanapitisha?" akauliza.

Sahani ninayo nyumbani, nimeifunga kamba yenye fundo kila sentimita kumi. Mzee wa safu ya pili alinyoosha mkono kabla sijamaliza: mtumbwi wake una nafasi ya watu saba. Tunaondoka Jumamosi ijayo, saa moja asubuhi, kabla upepo haujaamka, na binti yule ndiye atakayehesabu mafundo.